Mombasa haikosi wachoraji wa katuni, inakosa meza

Kila tunapozungumzia katuni za Pwani, sisi tulio nje na ndugu zetu walioko nyumbani, maneno hukimbilia mambo mawili: vipaji na vifaa. Vijana wanajua kuchora, tunaambizana, ila hawana tableti, hawana programu, hawana studio. Naishi Chicago, mji wenye mizizi mirefu ya katuni, na nasema tunalenga pasipo. Wachoraji weusi wa huku hawakuinuliwa na kifaa. Waliinuliwa na meza: mahali pasipohamahama, siku isiyobadilika, mwalimu anayelipwa, na njia ya kuchapa kazi ikawafikia watu.

Tazama South Side Community Art Center. Kituo hiki kilifunguliwa Desemba 1940 katika mtaa wa Bronzeville, makao ya Wamarekani weusi, wengi wao waliohamia kutoka majimbo ya kusini. Mpango wa serikali wa kuwapa wasanii kazi ulilipa mishahara ya walimu, lakini nyumba waliichangia wakazi wenyewe. Vijana, Margaret Burroughs akiwa mmoja wao, walisimama barabarani na makopo wakiomba sarafu za senti 10. Mpango ule wa serikali ulikufa 1943. Kituo kipo hadi leo, ndani ya jengo lilelile.

Mtu wa Mombasa hashangazwi na habari hiyo. Mchango tunaujua: wa arusi, wa msiba, wa msikiti, wa karo. Tunachokosa ni kumhesabu mwalimu wa kuchora kuwa naye anastahili kuchangiwa. Mchoraji huitwa afunze watoto siku nzima, kisha akapewa soda na nauli na kuambiwa ajitolee kwa ajili ya jamii. Fundi wa mabomba haambiwi hivyo. Mchoraji akitendewa hivyo mara tatu, ya nne haji, na watoto hubaki na mafunzo ya siku moja yasiyo na kesho.

Jambo la pili ni nani anamiliki mashine. Jackie Ormes, mwanamke mweusi, alianza kuchapisha katuni zake 1937 katika Pittsburgh Courier, na baada ya kuhamia Chicago aliendelea kwa miaka mingi. Wasichana wake walivaa vizuri, walisema kweli, walikuwa na akili. Magazeti makubwa ya wakati ule yaliwachora watu weusi kama vichekesho. Yeye alipata nafasi kwa sababu Courier lilikuwa gazeti la watu weusi wenyewe. Hapa Chicago, Turtel Onli alianzisha chama cha wasanii weusi 1970, akafundisha sanaa shuleni, na miaka ya tisini akaanzisha maonyesho ya katuni za watu weusi. Na mwaka 1993 kampuni ya Milestone, ya akina Dwayne McDuffie na Denys Cowan, ilianza kutoa katuni zake kwa mkataba na DC, kampuni kubwa ya katuni: DC ichapishe na kusambaza, lakini haki za wahusika zibaki kwa Milestone yenyewe. Kijana wa Mombasa akumbuke kifungu hicho siku atakapoitiwa kazi na shirika au kampuni. Auze haki ya kuchapa, asiuze mhusika.

Kwetu katuni si jambo geni. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Jarida la Joe lilianza Nairobi 1973. Tumemsoma Frank Odoi, tumemsoma Gado. Shujaaz ilipokuja 2010 ilionyesha kwamba kijana wa Kenya atasoma katuni kwa hamu akiletewa kwa lugha yake. Lakini lugha ile ni Sheng, na mitaa inayochorwa mara nyingi ni ya Nairobi. Mtoto wa Majengo au Kisauni, mitaa ya Mombasa, huisoma na kuipenda, ila haisikii sauti ya nyumbani kwao.

Na sauti ya nyumbani ina faida hata ya kifundi. Kiswahili kinabana maneno mengi ndani ya kitenzi kimoja, na kitenzi kirefu ni adui wa kiputo, lile duara linalobeba maneno ya mhusika. Ukikunja karatasi ya A4 kuwa kijitabu cha kurasa 8, kila ukurasa huwa na upana wa milimita 74. Toa milimita 5 kila upande, umebaki na 64. Ukiandika herufi kubwa za kimo cha milimita 3, ambazo husomeka vizuri baada ya fotokopi, mstari mmoja hubeba herufi 15 hadi 18. "Wamekwishatutangulia" ina herufi 20, haiingii. "Washatutangulia," kama tusemavyo wenyewe, ina 15, inaingia. "Anakuja" ni herufi 7, "yuwaja" ni 6. Kimvita kinaokoa nafasi, na msomaji wa Mji wa Kale anaposoma "wenda wapi?" anamsikia jirani yake.

Kosa la wanaoanza ni lilelile huku na huko: wanachora kiputo kwanza, kisha wanasukumia maneno ndani hadi herufi za mwisho zinabanana kama abiria wa feri ya Likoni. Andika maneno kwanza kwa penseli, ndipo uzungushe kiputo, ukiacha nafasi ya herufi moja pande zote. Neno likilazimika kukatwa, likate baada ya irabu, kwa maana silabi zetu karibu zote huishia hapo: "washatuta-ngulia", wala si "washatutan-gulia". Usisahau kibainishi cha ng'. "Ng'oa" ni kuchomoa. "Ngoa" ni wivu na tamaa, na mashabiki wa taarabu watacheka mahali ambapo hukukusudia.

Sasa hiyo meza yenyewe. Kwa watoto 20 inatosha rimu moja ya karatasi za gramu 80, penseli, raba, rula, mkasi, na kalamu nyeusi za felti za milimita 0.5 na 0.8. Kijitabu kimoja ni karatasi moja, na huchapwa upande mmoja tu. Kunja A4 katikati kwa urefu, ifungue. Ikunje kwa upana, kisha kwa upana tena. Ukifungua una visanduku 8. Ikunje kwa upana mara moja, ukate kutoka kwenye mkunjo kufuata mstari wa katikati, hadi kufikia mstari wa kwanza unaokatiza, usimame hapo. Wengi huupita, karatasi ikawa vipande viwili. Fungua, ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zielekeane mpaka ule mkato ufunuke na kutengeneza msalaba, halafu ilaze kama kitabu. Kabla ya kuchora lolote, tengeneza kimoja kitupu, andika namba 1 hadi 8 kwa penseli, kisha kifungue. Utaona kurasa nne zimesimama kichwa chini. Hiyo ndiyo ramani, uibandike ukutani. Asiyefanya hivyo huchora ukurasa wa tatu mahali pa sita.

Kila mtoto akitoa nakala 20, jumla ni karatasi 400. Kila mmoja abadilishane na wenzake, arudi nyumbani na vijitabu 20 tofauti, kimoja chake na 19 vya wenziwe. Katika karatasi 500 za rimu zinabaki 100 za michoro ya asili, majaribio na za kuharibu, na zitaharibika.

Mashine ya fotokopi ina tabia zake. Haishiki milimita 5 za ukingoni. Kivuli cha penseli hupotea au hutoka kama uchafu, kwa hiyo vivuli vipigwe kwa mistari, na mwanya kati ya mistari usipungue milimita 1, ama sivyo itashikana iwe doa. Eneo kubwa jeusi hutoka na michirizi wino wa unga wa mashine ukikaribia kwisha. Na usitoe kopi ya kopi: mistari huvimba.

Vitabu vya mafunzo vya huku mara nyingi havisemi lolote kuhusu unyevu, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili ya Mombasa. Rimu iliyoachwa wazi hunyonya hewa ya bahari, karatasi hujikunja na kukwama ndani ya mashine. Ibaki ndani ya kifungashio chake cha dukani, ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Jasho na mafuta ya kiganja hufanya wino ujikusanye badala ya kushika, basi weka kipande cha karatasi chini ya mkono. Kalamu ya felti ijaribiwe kabla ya kununuliwa nyingi: piga mstari, subiri dakika moja, pitisha kidole kilicholowa. Ikitapakaa, iache. Nibu za chuma huota kutu upesi kwa chumvi ya hewa, kwa hiyo zisubiri walioiva. Penseli isifutwe mpaka wino ukauke kabisa. Wakati wa masika, futa wiki inayofuata.

Saa pia zina maana. Jumamosi asubuhi, ambayo huku ndiyo saa ya masomo ya sanaa, watoto wengi kwetu wako madrasa. Weka darasa baada ya Alasiri. Hadi Magharibi una zaidi ya saa mbili, na mwanga wa jua unatosha hata umeme ukikatika. Wako pia wazazi wasiopenda watoto wao wachore viumbe vyenye roho. Wasibishiwe, na mtoto asifukuzwe. Milango ya nakshi, mashua, tuktuk, sufuria jikoni na sauti inayotoka nyuma ya pazia zinatosha kusimulia hadithi nzima. Kuna wachoraji wakubwa ambao hawawezi kuonyesha ugomvi bila kuchora uso. Mtoto aliyelazimika kuuonyesha kwa viatu viwili vilivyogeuziana migongo mlangoni amekwishawazidi.

Somo la kwanza la mpangilio liko Biashara Street, limetundikwa madukani. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo ni mpaka wa fremu, mji ni picha, jina ni maneno, na jina hilo hubadilisha maana ya picha nzima. Wape watoto kanga moja ya kweli na majina matatu tofauti, uwaulize ni nani anamwambia nani. Utakuwa umefundisha uhusiano wa neno na picha bila ubao.

Huku nako kuna kasoro. Maktaba za Chicago zina rafu za katuni, na ile kuu ya Harold Washington ina ukumbi wa vijana tangu 2009 ambao hawalipii kitu. Lakini ni nchi hiihii ambayo Januari 2022 bodi ya shule ya wilaya moja ya Tennessee iliondoa Maus, kitabu cha katuni cha Art Spiegelman kilichopata tuzo ya Pulitzer, kwenye masomo. Na kijitabu cha mtoto wa huku mara nyingi husomwa na mtu mmoja kimyakimya. Kikiwekwa barazani Mombasa kitasomwa kwa sauti, kitapita mikono kumi kabla ya kahawa kupoa, na mwandishi atajua papo hapo ni fremu gani haikueleweka. Msikilizaji wa namna hiyo hanunuliwi kwa fedha za wafadhili.

Kwa hiyo sisi tulio nje tuache kutuma tableti moja yenye picha ya makabidhiano. Tukusanyane, watu 10 tu, tulipe mwalimu mmoja kwa mwaka mzima na rimu moja kila mwezi, na malipo ya mwalimu yaandikwe kabla ya jambo lolote. Chumba kiwe kidogo, ila kisihame. Na ufunguo wa kabati la vifaa wapewe watu wawili, kwa sababu mmoja akisafiri watoto wasirudishwe mlangoni.