Daraja la mvinyo la 1855: linapima ardhi au jina?

Mwaka 1855 Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, alitaka mvinyo wa eneo la Bordeaux uwekwe kwenye maonyesho makubwa ya Paris, na madalali wa mji huo wakapanga mashamba ya mvinyo mwekundu katika madaraja 5. Kigezo chao kilikuwa bei za sokoni. Orodha hiyo ndiyo inayoongoza bei mpaka leo, na badiliko kubwa ni moja tu: shamba la Mouton kupandishwa daraja la kwanza mwaka 1973.

Wanaoitetea wanaanzia ardhini, na hapo wana haki. Vilima vya changarawe vya Médoc, sehemu ya Bordeaux yenye karibu mashamba yote ya orodha hiyo, havituamishi maji, na kokoto zake hutunza joto la mchana. Cabernet Sauvignon, zabibu inayochelewa kuiva, huhitaji vyote viwili. Ikichumwa mbichi, mvinyo hunuka pilipili hoho, na ghalani hakuna dawa ya kosa hilo.

Kisha kuna gharama za kazi. Zabibu hupembuliwa, hutolewa vikonyo na kuingizwa tangini, chachu ikafanya kazi kwenye nyuzi 26 hadi 30 hivi. Maji yake huvutwa kwa pampu kutoka chini na kumwagwa juu ya maganda yanayoelea, maana rangi na ukakasi vimo humo. Joto likipanda mno, chachu hufa kabla sukari haijaisha. Maganda yakisumbuliwa kupita kiasi, ukakasi hukausha ulimi kwa miaka. Hufuata takriban miezi 18 katika mapipa ya mwaloni ya lita 225, mengi yakiwa mapya kwa mashamba makubwa, na pipa moja hutoa chupa 300 tu. Mbao hupitisha mvuke, kwa hiyo pipa lisipojaziwa mara kwa mara hewa hukaa juu na mvinyo huelekea kwenye siki. Pipa kuukuu lisilosafishwa vyema hualika chachu ya Brettanomyces, na harufu ya zizi la farasi. Mwishoni, ute wa mayai 5 au 6 kwa pipa huvuta chini tanini kali, yaani kiini cha ule ukakasi. Mapipa yasiyoridhisha huuzwa kwa lebo ya pili, kwa bei ndogo zaidi. Shamba lisilo na jina haliwezi kumudu hasara hiyo. Jina ndilo linalolipia ubora.

Lakini daraja hilo limefungwa kwenye jina la shamba, si kwenye kipande cha ardhi. Mmiliki akinunua mizabibu ya jirani ndani ya eneo lilelile, zabibu zake zinaweza kuingia kwenye lebo yenye daraja. Udhaifu huu ni mkubwa. Kule Burgundy, eneo jingine la mvinyo la Ufaransa, ardhi yenyewe ndiyo hupewa daraja: kipande cha Romanée-Conti ni hekta 1.8 hivi, basi. Tena Petrus, shamba la Pomerol humohumo Bordeaux, haina daraja lolote, na bei yake huipita ya Lafite ya daraja la kwanza.

Je, orodha ipitiwe upya? Saint-Émilion, sehemu nyingine ya Bordeaux yenye orodha yake, hupitia hiyo kila miaka 10 hivi. Ya 2006 ilifutwa mahakamani, na kabla ya ile ya 2022, mashamba maarufu ya Ausone, Cheval Blanc na Angélus yalijiondoa. Heri ya 1855 iachwe ilivyo, mnunuzi asome kwanza mwaka wa mavuno. Chupa ya daraja la tano ya 2016 ni bora kununua kuliko ya daraja la pili ya 2013, mwaka wa baridi na mvua ambao zabibu ziliiva kwa taabu.