Shilingi imeimarika, na Tandahimba je?

Septemba 2024 dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 2,700 hivi. Desemba ilipokuwa inaisha, ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400. Redioni na mitandaoni habari ikawa moja: shilingi imeimarika. Kwa anayeagiza vipuri Kariakoo, au mwenye daladala anayesubiri bei mpya ya dizeli, furaha ile ilikuwa na msingi. Ila miezi hiyohiyo ndiyo miezi ya minada ya korosho huku kwetu Mtwara na Lindi, na korosho ghafi inakwenda India na Vietnam, ambako mnunuzi anapiga hesabu zake kwa dola.

Tuseme mnunuzi ameona anaweza kulipa dola moja na nusu kwa kilo. Dola ikiwa 2,700, hiyo ni shilingi 4,050. Ikiwa 2,400, ni shilingi 3,600. Zimekatika 450 katika kila kilo. Mkulima wa wilaya ya Tandahimba, hapa Mtwara, mwenye kilo 800 kwenye stakabadhi yake ya ghala atakosa shilingi 360,000, na karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, hajagusa mzani, korosho hazikulowa, wala hakuna kangomba, mlanguzi wa korosho, aliyepita usiku. Kilichobadilika ni bei ya dola tu.

Nimefundisha Uchumi kidato cha tano na cha sita mkoani hapa kwa miaka kadhaa, na hizo 450 ndizo zilizonifanya niandike. Kuna mvutano usioisha miongoni mwetu walimu: uchumi jumla, yaani mfumuko wa bei, pato la taifa, riba, bajeti na thamani ya sarafu, uanze kufundishwa kwa kanuni ndipo mifano ifuate, au uanze na jambo la kisera linaloendelea sasa na kanuni zichimbuliwe humo? Wanaosema tuanze na sera za leo wanaonekana wavivu, watu wa magazeti, waliokimbia kuchora grafu ubaoni. Nadhani hawaeleweki.

Wanaotaka kanuni kwanza nao wana hoja, na ya kwanza ni mtihani. Baraza la Mitihani haliulizi habari za mnada wa Newala. Linataka mwanafunzi aeleze, kwa Kiingereza, sababu za kushuka kwa thamani ya sarafu, hoja sita zenye maelezo. Mzazi aliyeuza korosho ili mtoto afike kidato cha sita hataki kusikia kwamba mwanawe alikuwa na mjadala mzuri darasani halafu akapata daraja la nne. Hapo siwezi kubishana nao sana.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi, na inaigusa hesabu yangu mwenyewe. Mwaka huohuo wa 2024 minada ilifunguliwa Oktoba kwa bei iliyovuka shilingi 4,000 kwa kilo, ilhali msimu uliotangulia bei zilikuwa zikicheza kwenye 2,000 hivi. Mwanafunzi aliyeanza na habari bila kanuni ataunganisha moja kwa moja: shilingi ilikuwa inapanda na mkulima alipata zaidi, kwa hiyo shilingi imara ni baraka kwa mkulima. Au atatazama bei zinavyoteremka kadiri minada inavyosonga, atasema ni dola, kumbe mvua zimeanza na korosho za mwisho wa msimu hazina ubora wa zile za kwanza. Bei ya dunia, ubora, idadi ya wanunuzi na thamani ya shilingi vyote vinasogea kwa wakati mmoja. Asiyefundishwa kusema “mambo mengine yakibaki vilevile” ataokota jibu lolote linalompendeza. Mwenzangu mmoja, mwalimu mkongwe, huniambia kwamba habari bila kanuni ni maongezi ya barazani kwenye bao. Ana haki ya kusema hivyo, ingawa mimi nimejifunza mengi barazani.

Lakini tuangalie upande wa pili unavyokuwa hasa darasani. Mwalimu anaandika tafsiri ya thamani ya sarafu. Wanafunzi wananakili. Anaandika kwamba sarafu ikiimarika, bidhaa za nje zinakuwa nafuu na mauzo ya nje yanapungua. Wananakili tena. Baada ya wiki mbili waulize nani anaumia shilingi ikipanda, watakwambia “wauzaji wa nje”, na ukiwauliza hao ni akina nani watakutajia kampuni zenye meli. Mtoto ambaye baba yake amepulizia salfa tangu Juni, akapalilia, akaokota na kupeleka magunia ghalani, hajui kwamba muuzaji wa nje ni baba yake. Amekariri sentensi inayomhusu kuliko mtu yeyote darasani na hakujiona ndani yake.

Anza na zile 450, uone. Kwanza watabisha: mnada unaendeshwa kwa shilingi, dola imetoka wapi? Swali hilo peke yake linakula kipindi kizima, na huwezi kulijibu bila kufika kwenye soko la fedha za kigeni. Kisha mmoja atauliza kwa nini shilingi hupata nguvu mwishoni mwa mwaka, na jibu linarudi palepale: dola za mazao zinaingia msimu huo, korosho ikiwamo, pamoja na za utalii na dhahabu. Mkulima anasaidia kuipandisha shilingi inayompunguzia malipo. Darasa likifika hapo huwa kimya kidogo, na ndipo ninapochora ile grafu ambayo mwenzangu anadhani nimeikimbia. Wanaichora wakijua mistari ile ni ya nini.

Riba nayo ni hivyohivyo. Januari 2024 Benki Kuu ilianza kutumia riba yake kama chombo kikuu cha sera ya fedha, ikaanza na asilimia 5.5, na Aprili ikaipandisha hadi 6. Somo zuri, ila kule Kitangari, wilayani Newala, nani alihisi? Muulize mwanafunzi kuhusu kangomba. Mtu anachukua shilingi 1,000 wakati wa njaa kwa ahadi ya kilo moja ya korosho. Msimu ukifika kilo ile ina thamani ya 2,000. Amekopa kwa riba ya asilimia mia kwa miezi michache. Sasa mwulize riba ya Benki Kuu inamfikiaje mtu huyo. Hapo ndipo anapoelewa kwamba sera ina njia za kupita na kwamba njia nyingine zimeziba.

Kuna hofu ya siasa, na walimu wengi huisema kwa sauti ya chini. Huku kusini sera ya uchumi si jambo la mbali. Mwaka 2013 watu waliandamana kuhusu bomba la gesi, na damu ikamwagika. Juni 2018 sheria ilibadilishwa, asilimia 65 ya ushuru wa korosho inayosafirishwa nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Novemba mwaka huohuo, baada ya wakulima kukataa bei za minada zilizokuwa chini ya 3,000, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300, na jeshi likaingia kusomba. Mwalimu akiligusa hilo darasani, mtoto wa kiongozi wa AMCOS yupo dawati la mbele na wa kangomba yupo nyuma. Naelewa anayeamua kufundisha kwa mifano ya Marekani ya miaka ya 1930.

Ila sijaona mfano wenye mengi ndani yake kuliko ile 3,300. Fedha za kununulia zimetoka wapi, na zikiingia vijijini kwa pamoja bei za bidhaa zinafanyaje? Dola za nchi zinakuwaje korosho zikikaa ghalani hadi mwaka unaofuata? Mkulima aliyesubiri malipo kwa miezi, huku akihakikiwa kama korosho ni zake kweli, alikuwa anaikopesha serikali au la? Mwanafunzi anaweza kuona kwamba bei ile ilikuwa ya huruma na bado akahesabu gharama yake. Sharti langu ni moja tu: kila upande uandikwe ubaoni kwa tarakimu kabla mtu yeyote hajasema “sisi” au “wao”.

Kuhusu mtihani, tatizo nadhani ni kalenda. Kidato cha tano wanaingia Julai, mnada wa kwanza unafunguliwa Oktoba, na mtihani wa mwisho ni Mei ya mwaka wa pili. Sarafu na biashara ya nje, kwa mpangilio wetu wa sasa, huwa tunazifikia magunia yakiwa yameshaondoka bandarini. Zikiletwa mapema zikaangukia Oktoba na Novemba ya mwaka wa kwanza, hoja sita za mtihani zitabaki na muda wa kutosha wa kukaririwa, na mwenzangu mkongwe atapata grafu zake zote. Nimemwomba tubadilishane vipindi msimu ujao. Amesema atafikiria, kisha akaniuliza dola leo ni ngapi.