Askofu Mwoleka alihamia, hakuhamisha

Akitajwa Askofu Christopher Mwoleka, aliyeongoza Jimbo Katoliki la Rulenge, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kuanzia 1969 hadi 1996, hukumu huja upesi: askofu wa ujamaa, aliyeibariki siasa iliyowatesa wakulima. Hukumu hiyo ina hoja, ila naona inamweka kundi moja na watu ambao hakufanana nao.

Hoja yenyewe si nyepesi. Mwaka 1973 watu wa vijiji vya ujamaa, ambako serikali ilitaka wakulima waishi na kulima pamoja, walikuwa kama milioni 2. Kufikia 1977, serikali ilihesabu zaidi ya milioni 13 vijijini. Tofauti hiyo hunisumbua kila niikumbukapo. Hata ukiondoa vijiji vya zamani vilivyoandikishwa upya tu, wanabaki mamilioni, na mamilioni hawahami ndani ya miaka minne kwa sababu wamekolewa na mafundisho. Wapo waliopakiwa kwenye malori huku nyumba zao zikichomwa ili wasirudi. Na dalili za hasira zilikuwapo mapema: Krismasi ya 1971, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, akamuua. Katika miaka hiyohiyo, askofu mzima anafundisha kwamba ujamaa unatualika kuiga maisha ya Mungu mwenyewe. Aliyechomewa nyumba amsikieje?

Sasa tumtazame mtu mwenyewe. Mwoleka alijiunga na kijiji cha ujamaa, akaishi na kufanya kazi na wanakijiji. Viongozi wengi walisifu vijiji wakiwa mjini; yeye alihama mwenyewe. Na sababu yake haikutoka kwenye Azimio la Arusha peke yake. Aliona kwamba Wakristo tumeufanya Utatu Mtakatifu kuwa kitendawili, tunabishana watatu wanakuwaje mmoja, wakati Yesu alitufunulia ili tuishi hivyo: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu hawana cha kufichana wala kunyimana. Kwake, mahali pa kulijaribu fundisho hilo palikuwa shambani na kwenye chakula cha pamoja, kwa jirani ambaye hukumchagua. Anayefundisha hivyo hawezi kulihitaji lori la mgambo, kwa sababu kushirikiana kwa kulazimishwa kunaliua fundisho lenyewe.

Kuna jibu moja ambalo sitalikwepa. Askofu akichoka na kijiji, anayo nyumba ya kurudi. Mkulima hana. Umaskini wa kuchagua haulingani na wa kuzaliwa nao, na heshima ya Baba Askofu iliwapa maofisa kivuli cha kujificha, atake asitake. Ningependa angepaza sauti zaidi dhidi ya nguvu iliyotumika. Hilo nalihesabu kuwa deni lake.

Lakini mashamba ya ujamaa yamekwisha, na kile alichokipigania ndani ya Kanisa kipo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua mwaka 1973 kwamba Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo, yeye alikuwa miongoni mwa waliolichukua wazo hilo kwa uzito wote. Leo nenda parokia yoyote ya Tanzania: familia chache nyumbani kwa mmoja wao, Injili inasomwa, mgonjwa anatajwa, mchango wa msiba unakusanywa hapohapo. Mwoleka alifariki mwaka 2002, na wengi wanaokaa kwenye mikeka hiyo hawajawahi kusikia jina lake.

Ninachokiogopa ni kingine. Katika parokia nyingi sasa, asiyehudhuria jumuiya anakataliwa mtoto wake abatizwe, au familia inazungushwa kuhusu misa ya mazishi mpaka mwenyekiti wa jumuiya aandike barua. Ninaelewa paroko anatafuta nini. Watu huonekana siku ya shida tu. Lakini mjane anayesimama mlangoni akiomba barua ya kumzika mumewe hajaalikwa kushiriki maisha ya Utatu. Amehamishwa tu, kama wale waliopakiwa kwenye malori mwaka 1974.