Kikapu cha Vyuo vya Daraja la Kati: Nani Analipa, na Nani Anaulizwa?

Mwezi Machi 2025, timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Saint Francis cha Pennsylvania ilifuzu kwa mashindano ya kitaifa ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani na kufungwa na Alabama State kwa pointi 70 kwa 68 katika hatua ya awali. Wiki moja baadaye chuo kikatangaza kwamba michezo yake yote itashushwa kutoka Daraja la Kwanza hadi la Tatu, ambako mchezaji hapewi ufadhili wa masomo kwa ajili ya kipaji chake uwanjani. Hartford nao waliamua hivyo mwaka 2021, wiki chache tu baada ya kufuzu kwa mara ya kwanza katika historia yao. Kumbe ushindi hautoshi kuibakiza timu pale ilipo, na anayedhani kwamba tatizo la vyuo hivi ni kukosa vikombe ameanza hesabu mahali pasipo.

Daraja la Kwanza lina vyuo zaidi ya 350, lakini fedha nono za televisheni ziko kwa ligi chache zinazobebwa na soka la Kimarekani. Chuo cha daraja la kati, yaani kilicho Daraja la Kwanza lakini nje ya ligi hizo tajiri, huambulia vipande. Timu ikicheza mchezo mmoja katika mashindano ya Machi, ligi yake, wala si chuo chenyewe, hupata mgao wenye thamani ya takriban dola milioni 2 unaolipwa kwa miaka sita, kisha wanachama wote wakagawana. Ipo pia michezo ya kulipwa, ambapo timu ndogo husafiri Novemba na Desemba kwenda kuchapwa kwenye ukumbi wa chuo kikubwa kwa ujira wa makumi ya maelfu ya dola. Pengo linalobaki huzibwa na ruzuku ya chuo na, katika vyuo vingi vya umma, ada ya michezo inayotozwa kila mwanafunzi, akiwemo yule anayefanya kazi mchana, anasoma usiku na hajawahi kuingia ukumbini.

Wanaotaka bajeti iongezwe huitaja Gonzaga, na wana haki. Tangu ilipofika robo fainali mwaka 1999, chuo hicho cha Spokane kilimshikilia kocha Mark Few, kikajenga ukumbi mpya uliofunguliwa 2004, na kikacheza fainali mara mbili, 2017 na 2021, bila kuwa na timu ya soka la Kimarekani. Hoja yao ni kwamba uwekezaji wa muda mrefu hulipa, na kwamba jina la chuo kutajwa nchi nzima ni tangazo ambalo ofisi ya udahili isingeweza kulinunua.

Tatizo ni kwamba Gonzaga ilijijenga wakati ambapo mchezaji aliyehama alilazimika kukaa benchi mwaka mzima. Kizuizi hicho kililegezwa mwaka 2021, mwaka uleule wachezaji waliporuhusiwa kuingiza fedha kwa majina na sura zao. Saint Peter's ilifika robo fainali mwaka 2022 na kuishangaza nchi. Siku chache baadaye kocha Shaheen Holloway alikuwa amehamia Seton Hall, na wachezaji muhimu nao wakatawanyika. Florida Atlantic ilifika nusu fainali mwaka 2023, na mwaka uliofuata kocha Dusty May akaenda Michigan. Kisha Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kumaliza kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, yanayoruhusu chuo kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Kwa vyuo vingi vya kati kiwango hicho ni ndoto tu, ilhali sehemu ya fidia ya dola bilioni 2.8 kwa wanamichezo wa zamani inakatwa kwenye migao ya vyuo vyote, hata vile ambavyo havikuvuna chochote.

Kwa hiyo naona uwajibikaji unatafutwa pasipo. Mashabiki wakidai kocha afukuzwe, huita hilo uwajibikaji, ingawa kuvunja mkataba wake ni gharama nyingine inayotafutiwa mlipaji. Hesabu zenyewe hazisomeki kirahisi: katika taarifa nyingi za idara za michezo, ruzuku na ada za wanafunzi huandikwa kama mapato, hivyo vitabu vinalingana na msomaji asiye makini akaamini kwamba idara inajitegemea. Vyuo binafsi havibanwi na sheria za nyaraka za umma, na hata vya umma hukataa kutaja malipo ya wachezaji kwa hoja ya faragha. Hoja hiyo si ya kubeza, kwani chuo kidogo kinachoanika malipo yake huwapa matajiri bei ya kuipiku. Lakini jumla ya fedha na chanzo chake vinaweza kutangazwa bila kumtaja mchezaji hata mmoja.

Virginia ilipitisha sheria mwaka 2015 inayoweka kikomo cha sehemu ya bajeti ya michezo inayoweza kutoka kwenye ada za wanafunzi na ruzuku ya chuo, na vyuo vyake bado vinafuzu. Ningeanzia hapo, kisha ningetaka kiasi cha ada hiyo kiandikwe katika mstari wake kwenye ankara ya kila muhula. Huenda wanafunzi wakakiona na bado wakakikubali, na hapo kocha atakuwa na hoja nzito zaidi ya kuombea bajeti kuliko aliyo nayo sasa.