Ile Keki ya Bosi, Naisimulia Mwenyewe

Haya, kwa kuwa shoga yangu wa mapokezi ameshaanza kuisambaza kwa voisi, tena na kile kicheko chake cha kupaliwa, bora niisimulie mwenyewe. Kwanza si kweli kwamba nililia. Macho yaliingia krimu.

Mnajua niko kwenye maandalizi ya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Msamiati una robo ya alama za kuandika na robo ya alama za kuongea, kwa hiyo pochi yangu imejaa vikadi: mbele neno, nyuma maana. Sentensi za mifano nilikuwa naziruka. Kadi ndogo, mwandiko wangu mkubwa. Na mambo yalikuwa yanakwenda, msinicheke. Juzi nilimwambia konda wa daladala kwamba yeye ni "obstreperous" (mkorofi mwenye kelele), akanirudishia chenji yangu bila ubishi.

Basi, tunamuaga bosi wetu, Mama, anastaafu. Kamati ikanikabidhi keki. Mwingine angeandika "Asante Mama" yakaisha. Mimi nikafungua pochi. "Egregious": kutoka Kilatini, aliye nje ya kundi, anayejitokeza kuliko wenzake. Jamani, si ndiye Mama huyo? Nikamtumia mpishi wa keki herufi moja moja asije akakosea. Hakukosea. "TO OUR EGREGIOUS LEADER", krimu ya bluu, na ua pembeni.

(Sasa kaeni mkao wa kula.)

MC anaita keki. Boksi linafunguliwa. Mgeni wetu Mwingereza, wa upande wa wafadhili, anainama asome, sambusa iko njiani kwenda mdomoni. Ikasimama hapohapo. Akasoma tena, midomo inacheza. Akamtazama Mama. Akaitazama sambusa. Akairudisha kwenye sahani taratibu, kama mtu aliyeingia msibani anacheza muziki.

Mama akavaa miwani. Kabla ya ukurugenzi, Mama alifundisha Kiingereza sekondari miaka mingi. Nilikuwa nalijua hilo, ila lilinijia kichwani pale miwani ilipotua puani. Akasoma. Kimya. Feni inazunguka. Na mimi bado natabasamu, mnanielewa? Nasubiri pongezi!

"Nani kaandika?"

Nikanyoosha mkono. Juu kabisa.

"Mwanangu," akasema polepole, "hii ni sawa na kusimama hapa mbele ya watu ukasema: leo tunamuaga kiongozi wetu aliyekubuhu."

Ukumbi ukapasuka. Mimi kwa kuchanganyikiwa nikajikuta nasema, "Shikamoo, Mama," wakati nilishamwamkia asubuhi.

"Marahaba. Zamani lilikuwa neno la sifa," akaendelea, maana ualimu hautoki mwilini, "lakini Samuel Johnson kwenye kamusi yake ya mwaka 1755 alishaandika kwamba maana iliyozoeleka ni ile mbaya."

Yaani neno limeharibika kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, mimi ndio kwanza nalipokea kwa vigelegele.

Mkadhani yameisha? Ukafika wakati wa kulishana keki. Mama akashika kisu. Akaliacha "TO OUR", akaliacha "LEADER", akakata pande moja refu la katikati, taratibu, bila kuharibu hata herufi. Akaniita. "Njoo, mwanangu. Fungua mdomo." MC anapandisha: mlishe, mlishe! Watu wanapiga makofi kwa mdundo, simu zote hewani. Neno lina herufi tisa, na nimezimeza zote. Ile "S" ya mwisho ilibaki puani. Krimu nyingine ndiyo hiyo iliyoingia machoni, narudia, machoni.

Baada ya hapo Mama alinikumbatia, mgeni akanipa mkono huku anajikaza asicheke, picha yangu ya meno ya bluu ikaenda stetasi za ofisi nzima, na kundi letu la WhatsApp sasa linaitwa "Waliokubuhu". Mtihani uko palepale. Mhasibu naye, ambaye hakuacha hata chembe kwenye sahani, amegoma kunirudishia hela ya keki. Anasema risiti haielezi kama ni ya kuaga au ya kutukana.