Banda la kuni sio kabati jamani

Nianze kwa kukiri, banda langu la kwanza la kuni lilikuwa zuri kuliko hili nililonalo sasa. Mbao zimepigwa randa, kuta zimebanana hata kidole hakipenyi, mlango una kitasa, mtu akiingia bustanini anauliza unafuga nini humo. Nikalijaza kuni mbichi nikafunga, nikajua baada ya miezi sita nina kuni kavu za kuringia. Siku nafungua harufu tu ilinipa jibu, magogo yana ukungu mweupe kama yamenyunyiziwa unga, ukigusa gome linavuka lenyewe na chini yake unyevunyevu, na uzito ni uleule wa siku nilipoziingiza.

Sasa mimi naona wengi wetu tukijenga banda tunapigana na mvua tu wakati maji yenyewe yako ndani ya kuni. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa karibu nusu ya uzito wake ni maji, na kuni ya kuwaka vizuri inatakiwa ibaki na unyevu chini ya asilimia 20. Hayo maji lazima yatoke yaende mahali, na anayeyabeba ni upepo. Nani anafua nguo akazikunja mbichi akaziweka kabatini? Ndo nilichofanya mimi. Mvua ikirusha matone pembeni kuni zinalowa juu juu tu, upepo ukipita zinakauka, lakini ukiziba kila upande unyevu hauna pa kwenda. Na wale wanaofunika rundo zima na turubai mpaka chini, yaleyale, funika juu tu pembeni acha wazi.

Kwa hiyo la pili nilijenga ovyo kwa makusudi. Mbele wazi kabisa, hakuna mlango. Ubavuni na nyuma mbao zimeachana sentimita 2, na sikuwa napima kwa futi kila saa, nilichukua kipande cha mbao chenye unene huo, naweka juu ya ubao uliopita, nakalisha mwingine, nafunga skrubu, nachomoa kipande naendelea, jioni moja kuta zote zimekwisha na mianya inalingana. Paa mteremko mmoja, maji yaende nyuma, na limezidi mbele kama sentimita 25 ili matone yasirudi kwenye kuni. Mgongo wa banda nimeuelekeza kule mvua inakotokea mara nyingi.

Sakafu ndo watu wanaidharau, na mimi iliniadhibu. Banda la upana wa mita 2, kina sentimita 80, ukipanga mpaka mita moja na nusu hapo una kama mita za ujazo 2.4, na zikiwa mbichi mzigo unaweza kufika tani nzima. Mimi nikaweka mbao nyembamba zimeshikiliwa kwenye ncha tu, wiki haikuisha katikati pakaanza kubonyea, ikabidi nishushe kuni zoooote nisukume tofali chini, mgongo ulinikoma. Weka mhimili katikati tangu mwanzo. Halafu sakafu iinuke angalau sentimita 10 toka chini hewa ipite, na nguzo zikae juu ya mawe au tofali za zege, usizichimbie udongoni, zitaoza au mchwa watazipanda kama ngazi. Na kwa sababu ya hao hao mchwa sishauri kuegemeza banda kwenye ukuta wa nyumba, sijali hata kama ni karibu na jiko, bora utembee hatua kumi.

Rangi? Pakeni mkitaka.

Jambo moja ambalo banda haliwezi kukusaidia ni uvivu wa shoka. Gogo zima likiwa na gome lake linatunza maji muda mrefu sana, pasua kabla ya kupanga, maji mengi yanatokea pale kwenye ncha zilizokatwa, ndo maana ncha ziangalie kwenye upepo. Mti laini unaweza kukauka ndani ya miezi sita mpaka mwaka, mti mgumu mwaka hadi miwili, kwa hiyo ligawe banda vyumba viwili, huku unapakua huku kunakauka, ukichanganya utakuja kuchoma mbichi bila kujua. Na mbichi ikiwaka moto wako unaishia kuchemsha maji, moshi kila mahali, kwenye bomba la moshi unaganda utandu mweusi kama lami ambao siku ukishika moto utaijua.

Kujua kama zimeiva huhitaji kifaa, chukua mbili uzigonganishe. Kavu inalia kah! Mbichi inaitika du, kama umegonga ndizi. Angalia na nyufa kwenye ncha.

Lile banda la kwanza sijalibomoa. Naweka majembe na toroli mle, na kusema ukweli yanakaa vizuri mno, kitasa kinafanya kazi mpaka leo.