Dawa imeshuka bei, kipimo je?

Kilikuwa kipande cha nta kisichozidi kisanduku cha kiberiti, ndani yake doa la nyama lililotolewa kwenye titi la shangazi yangu. Mwaka 2023 binamu yangu alikitia kwenye bahasha ya kaki akapanda nacho matatu hadi Nairobi, maana hospitali iliyofanya biopsi haikuwa na maabara ya kukipima zaidi. Kabla hakijaguswa tulituma shilingi 12,000 kwa M-Pesa. Bei ya mbuzi wawili, na walioichanga walikuwa watu tisa.

Kilichokuwa kikitafutwa ni bayomaka, yaani alama kwenye chembe za saratani zinazomwonyesha daktari dawa itakayofaa. Kwa saratani ya matiti kuna tatu za msingi: ER na PR, ambazo ni vipokezi vya homoni, na HER2, protini inayoichochea saratani ikue. Mgonjwa mmoja hivi kati ya watano au sita ndiye mwenye HER2 nyingi, na huyo ndiye anayesaidiwa na dawa iitwayo Herceptin. Mwingine ukimpa, unamhatarishia moyo bure.

Mwaka 2025 serikali ya Kenya na kampuni ya Roche, inayoitengeneza Herceptin, zilikubaliana bei ya dozi ishuke kutoka 120,000 hadi 40,000, na SHA, bima ya afya ya taifa, ilipe yote. Nilifurahi, nani asingefurahi? Kozi ya mwaka ni dozi kama 18, kwa hiyo milioni mbili na ushee zimekuwa 720,000. Vichwa vya habari vilijaa dawa. Lakini hakuna anayepaswa kuchomwa dozi ya kwanza bila majibu ya HER2.

Na majibu yenyewe yana vituko. HER2 hupewa alama kuanzia 0 hadi 3+. Kwa Herceptin, 0 na 1+ ni hapana, 3+ ni ndiyo. Ya shangazi yalirudi 2+, maana yake kapimwe tena, safari hii kwa FISH, kipimo kinachoangalia jeni ya HER2 yenyewe, ghali kuliko cha kwanza. "Sasa mimi niko wapi?" akatuuliza. Tukarudi kwenye kikundi cha WhatsApp kuomba tena. Ilipita miezi miwili.

Ningekuwa na sauti, ningetaka orodha ya malipo ya SHA iseme waziwazi: biopsi ya titi ikionyesha saratani, kipande hichohicho kipimwe ER, PR na HER2, na FISH ikihitajika, maabara ilipwe moja kwa moja, tena pesa hiyo isiguse kikomo cha matibabu. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kikomo cha saratani kilikuwa 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na 150,000 za nyongeza zikiisha hizo. Hapo kila elfu inahesabiwa. Bima inayotoa 40,000 kila wiki tatu ndiyo ingekuwa ya kwanza kutaka kujua inamlipia nani. Sisi tunaokatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA tungependa kujua pia.

FISH ya shangazi ilirudi hasi. Dawa yake ilikuwa tamoxifen, ya kuzuia homoni, kidonge kimoja kwa siku. Miezi yote ile tulikuwa tukichangia Herceptin.